Nani Mwenye Mto? Majengo, Chania na Miaka Mia ya Kulinda Maji

Ukitaka kujua serikali ilivyoanza kulinda mito huku kwetu Nyeri, anza na samaki.

Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti akawaachia katika Mto Gura, unaoshuka kwa kasi kutoka milima ya Nyandarua, ile ambayo ramani za wakoloni ziliiita Aberdare. Mji wa Nyeri wenyewe ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Barabara ya maana haikuwapo, hospitali ya maana haikuwapo, lakini samaki wa kuvuliwa kwa burudani walikuwa wameshapata makao.

Samaki hao walishika. Walienezwa katika mito mingine ya baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya, na katika miaka ya 1940 kikajengwa kituo cha kuwazalisha kule Kiganjo, ambacho kipo mpaka leo. Kuwavua kulitaka leseni. Wakikuyu wa siku hizo hawakula samaki, kwa hiyo huenda usione kosa lolote hapo: nani ameibiwa? Lakini tazama mfano uliowekwa. Mto umepata sheria, umepata mlinzi, umepata orodha ya wanaoruhusiwa, na yule mama anayeteka maji kila asubuhi hayumo katika orodha yoyote. Nimesoma habari za mito yetu kwa miaka kadhaa sasa, na mfano huo naukuta ukijirudia tena na tena, kila mara na mgeni mwingine amekaa mahali pa trauti.

Mimi ni mtu wa Majengo. Nasema mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Miji ya kuuzunguka Mlima Kenya ina Majengo yake: Nyeri, Nanyuki, Meru. Asili zinafanana. Boma la serikali likianzishwa, nyuma yake walikuja wapagazi, askari, wapishi, mafundi cherehani na wachuuzi, wengi wao Waislamu wanaoongea Kiswahili, wengine kutoka pwani, wengine waliosilimu njiani, na wanawake wa hapa hapa waliokuja kutafuta maisha mjini. Walipewa mahali pa kujenga. Mahali pa kulima hawakupewa, na hata hapo pa kujenga, karatasi ya kumiliki ilikuwa hadithi nyingine. Jina lenyewe linakueleza: majengo, wala si mashamba. Nyanya yangu alikuwa akitania kwamba sisi na wale samaki wa Kiganjo ni ndugu, maana wote tumepandishwa huku na serikali na wote tukaizoea baridi.

Chini ya mji inapita Chania. Usiichanganye na Chania ya Thika. Hii ni yetu, inatoka Nyandarua pia lakini inapita Nyeri, na Muringato haiko mbali nayo. Maji ya bomba tunayokunywa mjini yanatoka Chania na kusafishwa Kamakwa. Yale yasiyoingia bombani yanateremka hadi Thagana, ambayo mbele huko inaitwa Tana, yanapita mabwawa ya umeme, yanakata nchi kavu ya Garissa na Hola, mpaka Bahari ya Hindi upande wa Kipini. Kwa hiyo maji yanarudi pwani walikotoka baadhi ya babu zetu, na yanafika bila nauli.

Kabla ya boma, mito hii ilikuwa na wenyewe. Nchi ya Wakikuyu ni migongo na mabonde, na kila bonde lina mto wake. Mto ndio uliokuwa mpaka kati ya watu wa mgongo huu na watu wa mgongo ule. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, si mbali na hapa, alisimulia mara nyingi, hata Oslo alipopokea Tuzo ya Nobeli Desemba 2004, jinsi alivyokuwa akitumwa mtoni na mama yake akiwa mtoto. Aliteka maji kati ya majani ya nduma, akajaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Karibu na chemchemi hiyo palikuwa na mti wa mugumo, na mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Alipokuwa mtu mzima na msomi alielewa kwamba mizizi ya mugumo ilishuka ndani kabisa na kushikilia udongo wa mteremko, na maji yakapata njia ya kupanda. Mti ulikatwa, na kijito kikakauka.

Watu hupenda kuisoma hadithi hiyo kama ushairi. Mimi naisoma kama habari za utawala. Katazo la kuokota kuni lilikuwa sheria ya mazingira iliyotekelezwa na mama mmoja kwa mtoto mmoja, bila askari na bila faini. Meru kuna msitu wa Giitune, mtakatifu kwa wenyeji, karibu na mji. Othaya kuna kilima cha Karima, chenye mahali pa ibada pa wazee. Miti ya asili ikafyekwa, ikapandwa mikaratusi, na wenyeji wakahangaika kwa miaka kudai kilima kirudishiwe miti yake. Ukienda Kilimanjaro, Wachagga wana mifongo yao, mifereji iliyochimbwa na koo na kugawanywa kwa zamu. Ukienda Marakwet utakuta vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyengoja bunge.

Tena tusidanganyane kwamba ilikuwa peponi. Zamu za maji ziliwafaa wenye ukoo. Mgeni alikunywa kwa hisani.

Sasa njoo miaka ya 1940. Baada ya Vita vya Pili maofisa wa kilimo waliingiwa na hofu kubwa ya mmomonyoko wa udongo, na hofu yenyewe haikuwa ya uongo: watu walikuwa wamebanwa katika rizavu, mashamba yamechoka, mito imeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya lazima. Machifu walitoa watu kufanya kazi ya matuta asubuhi kadhaa kila wiki, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mjini au kwenye mashamba ya walowezi, majembe yalishikwa na wanawake. Mwaka 1947, jirani zetu wa Murang'a, mkutano mkubwa uliamua kwamba wanawake wasiende tena. Mwaka uliofuata wanawake wenyewe waliandamana. Ofisa mmoja angeweza kukuthibitishia kwa hesabu kwamba matuta yanaokoa mto. Mama aliyeamshwa na tarishi wa chifu alijua tu kwamba mto umepata sababu nyingine ya kumtoa jasho.

Halafu Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Hapa naomba tuchelewe kidogo, kwa sababu vitabu vya mazingira huruka miaka hii kana kwamba mito ilisimama kungoja vita viishe. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru walitolewa katika boma zao zilizotawanyika wakasongwa kwenye vijiji vyenye ulinzi. Pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa mtaro wa maili 50, mpana na wa kina, wenye miti iliyochongwa ncha, ili kuwakata wapiganaji wa Mau Mau na chakula kutoka vijijini. Waliouchimba walikuwa wanakijiji kwa nguvu, wengi wao tena wanawake, kwa kuwa wanaume wako kizuizini au msituni. Ukanda kati ya msitu na rizavu ulikuwa marufuku. Ukionekana humo unapigwa risasi.

Kulikuwa na shosho mmoja wa Tetu aliyekuwa akituletea nduma hapa Majengo tulipokuwa wadogo. Nyanya alimwita "dada" ingawa huyu alikuwa wa kanisani na yule wa msikitini. Shosho huyo hakupenda neno mtaro. Tukichimba mtaro wa kupitisha maji ya mvua nyuma ya nyumba, angesema, "Chimbeni, lakini msiniite kuangalia." Nilielewa baadaye sana. Kizazi kizima kilifundishwa kwamba ukingo wa msitu, pale ambapo mito yetu yote inazaliwa, ni mahali pa serikali na mahali pa kifo. Miaka arobaini baadaye wataalamu walipokuja kuuliza kwa nini wenyeji hawajisikii kuwa msitu ni wao, jibu lilikuwa limechimbwa ardhini.

Na wakati watu wako vijijini chini ya ulinzi, ramani ikachorwa upya. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusanya vipande vya mashamba, ukampa kila mwenye haki kipande kimoja chenye hatimiliki, mara nyingi kikiwa kama mkanda unaotoka mgongoni mpaka mtoni. Kwa kilimo cha kahawa ulikuwa mpango wa akili. Kwa mto ulimaanisha kwamba ukingo umekatwakatwa na kuingia katika karatasi za watu binafsi. Waliokuwa kizuizini wengi walipata kidogo au walikosa. Ahoi, yaani wale waliolima kwa ruhusa ya wenye ardhi, haki yao haikuandikwa popote. Wengi wa hao walishuka mjini. Baadhi waliishia katika vyumba vya kukodi vya mitaa kama huu wetu.

Naikazia ramani hiyo kwa sababu nadhani ndiyo iliyoamua, mpaka leo, nani anaitwa "jamii" mtu akisema jamii ilinde mto.

Uhuru haukubadilisha hesabu hii haraka. Upande wa kaskazini, kuelekea Naro Moru na Nanyuki, ardhi iliyokuwa ya Wamaasai mpaka walipohamishwa kutoka Laikipia kati ya 1911 na 1913, kisha ikawa ya walowezi, wengi wao askari waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza, ilinunuliwa na makampuni ya ununuzi wa ardhi na kugawanywa vipande vidogo. Mfereji mmoja wa mlowezi ukawa mifereji ya watu mia. Baadaye yakaja mashamba ya maua na mboga za kupelekwa Ulaya. Mito ya upande huo haiendi Tana, inaingia Ewaso Ng'iro, na kwa hiyo aliye mwisho wa foleni ni mfugaji wa Isiolo na Samburu. Vipimo vya Archer's Post vinatisha: mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, mto ulikuwa ukipitisha wastani wa mita za ujazo 9 kwa sekunde katika miaka ya 1960, katika miaka ya 1980 zilibaki kama 1.3, katika miaka ya 1990 hazikufika hata 1. Mvua haikupungua kwa kiasi hicho. Maji yalikuwa yamebaki juu, mashambani.

Msitu nao uliliwa. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori lilipitisha ndege juu ya Mlima Kenya na kuhesabu uharibifu: miti ya asili iliyokatwa, tanuri za makaa, mashamba ya bangi katikati ya msitu. Ripoti ile ilisababisha kelele, na mwaka uliofuata ulinzi wa msitu ukakabidhiwa shirika hilo.

Tangu 1977 Maathai na Green Belt Movement walikuwa wakiwalipa akina mama senti kidogo kwa kila mche uliopona, na hilo najua wasomaji wa gazeti hili wamelisoma mara nyingi, nitalipita. Ninachotaka kukisifu hapa kina sura ya kawaida zaidi, hata hakina picha nzuri. Ni kamati.

Katika miaka ya 1990, kwenye mito midogo ya Nanyuki na Timau, watu walianza kukaa pamoja kabla hawajakatana mapanga. Walikuwamo wenye mashamba makubwa ya maua, wakulima wa ekari mbili, na mara nyingine wafugaji wa chini. Walikubaliana zamu: kiangazi kikikaza, mabomba ya huku yafungwe siku hizi, ya kule siku zile, ili maji yapite. Walijenga vinywa vya pamoja mtoni badala ya kila mtu na bomba lake la kujificha. Walichagua vijana wa kutembea kingoni kukagua. Sheria ya Maji ya 2002 iliwakuta wameshaanza, ikawatambua kama vyama vya watumiaji wa maji, na ile ya 2016 ikaendelea hivyo. Kanuni za 2007 ziliongeza meno: mwenye kumwagilia awe na bwawa la kumtosha siku 90 za kiangazi, na ukingo wa mto, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wake, usiguswe. Miaka michache baadaye John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru mikaratusi ing'olewe kingoni. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za treni; treni iliacha kuni zamani, lakini mti haukupata habari.

Nimehudhuria mikutano ya vyama hivi, Nyeri na kaskazini. Inachosha. Inaanza saa mbili kwa tangazo na saa tano kwa kweli, nusu ya muda inaenda kwenye ada ambayo haijalipwa, na kuna mzee mmoja kila mahali anayezungumza dakika arobaini kuhusu mpaka wa shamba lake. Pamoja na hayo, sijaona chombo kingine chochote katika historia hii ambamo mtu wa chini ya mto anaweza kusimama na kumwambia mtu wa juu, kwa jina, "Jumanne ulifungulia maji usiku." Gura ya mwaka 1905 haikuwa na kikao kama hicho, wala matuta ya 1947.

Machi 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika, kwa mfano wa ule wa Quito kule Ecuador ulioanza mwaka 2000. Wazo lake si gumu. Nairobi hupata karibu maji yake yote kutoka mabonde ya Tana ya juu. Tope likiingia mtoni, gharama ya kusafisha hupanda na mabwawa hujaa udongo. Basi ni rahisi zaidi kumsaidia mkulima wa Murang'a na Nyeri kupanda nepia kwenye matuta, kuchimba kidimbwi cha maji ya mvua na kuacha ukingo upumzike. Bonde la Sagana na Gura limo katika mpango. Matuta yale yale ya 1947 yamerudi, safari hii na msaada mkononi badala ya tarishi mlangoni, na wengi wameyakubali. Kuna aina moja ambayo dunia nzima ya wataalamu wa udongo huiita kwa Kiswahili, "fanya juu", yaani unachimba na kutupa udongo upande wa juu. Nikiona maneno hayo katika ripoti za wageni huwa natabasamu. Angalau lugha ya Majengo imeingia shambani.

Watu wa Majengo wenyewe bado. Msaada unafuata udongo, na udongo una hatimiliki. Uanachama mara nyingi unafuata kipande kinachogusa mto au kibali cha kuvuta maji. Sisi hatuna kipande, na kibali ni cha kampuni inayotuletea bomba. Lakini angalia mto unapopita mjini. Mafuta ya gereji, maji ya kufulia, plastiki, vyoo vilivyojengwa pasipo na bomba la majitaka: mambo hayo yako mikononi mwa wapangaji na mafundi, watu wasio na hata mche mmoja wa nepia. Anayetaka Chania isafike chini ya mji hawezi kuongea na wakulima wa juu peke yao. Katiba ya 2010 inasema mito ni ardhi ya umma, na maji safi ni haki ya kila mtu. Haikusema kila mwenye shamba. Hata madrasa tulifundishwa tusifanye israfu ya maji ya kutawadhia, ingawa tumekaa kando ya mto unaotiririka. Mtoto wa mtaa huu anajua wajibu wake kwa mto kabla hajajua kura yake iko wapi.

Mwaka jana tulikwenda watu saba kutoka mtaani kwenye mkutano wa chama kimoja, nisikitaje jina. Tulikuwa wanawake wanne na mafundi watatu wa jua kali. Katibu, kijana mwenye adabu, alitupa fomu. Mstari wa tatu ulitaka nambari ya shamba.

"Mama, shamba lako liko upande gani wa mto?"

"Sina shamba, mwanangu. Naishi Majengo."

"Sasa, samahani mama, mto unakuhusu vipi?"

Fundi mmoja nyuma yangu akasema, "Si ndio tunakunywa huo, boss? Na si ndio tunamwagia oili?" Ukumbi ukacheka. Mzee mwenyekiti hakucheka. Akavua miwani, akauliza ni gereji ngapi ziko kule chini, na mafuta machafu yanakwenda wapi hasa. Fundi akamwambia ukweli, gereji kwa gereji. Mzee akaandika yote. Kisha akasema katiba ya chama haina mahali pa watu kama sisi, kwamba hawezi kuibadilisha akiwa amekaa kitini, na kwamba jambo litapelekwa mkutano mkuu kabla ya mvua za vuli. Ada yetu hakuipokea, maana hakujua aiandike kwenye safu gani. Alipindua daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika majina yetu saba na nambari za simu, na juu yake, kwa herufi kubwa, WENGINEO.